Salamu Kwanza, Mnyauko Baadaye

Asubuhi ile niliondoka Omurushaka bila mpango wowote. Nilirudisha ufunguo wa gesti, nikavuka barabara, nikapanda gari la kwanza lililokuwa na nafasi. Kondakta aliponiuliza ninashuka wapi, nilimjibu kwamba nitamwambia tukifika. Alinitazama kama vile nakimbia kesi. Kwetu Singida waliacha zamani kuniuliza swali hilo. Niliacha shule darasa la tano, na tangu hapo sijakaa mahali pamoja zaidi ya msimu mmoja.

Tulipofika Kibingo tairi likapata pancha, na la akiba halikuwa na upepo. Dereva akasema, "Dakika kumi tu." Dakika kumi za madereva nazijua. Nikabeba begi langu, nikafuata njia iliyoingia kwenye migomba, na hapo ndipo niliposikia sauti ya mwanamke kutoka shule ya msingi.

"Simamisha! Simamisha! Turudie!"

Nikisikia kitu nisichokielewa, miguu yangu huenda yenyewe. Nyuma ya madarasa kulikuwa na shamba la shule. Mwalimu mmoja wa kike, bado kijana, alikuwa ameshika kishikwambi kwa mikono miwili. Wanafunzi wa darasa la sita walikuwa wamejipanga mistari, na mbele yao alisimama msichana mrefu, sweta limetoboka kiwiko, mikono ameibana ubavuni kama yuko gwaride.

"Shikamooni walimu, shikamooni wageni waalikwa, hamjambo wanafunzi wenzangu," alisema. "Kwanza kabisa napenda kumshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutujalia uzima..."

"Simamisha! Wageni waalikwa unawaona wapi? Nimekwambia ueleze mnyauko wa migomba unavyosambaa!"

"Ndiyo, mwalimu. Shikamooni walimu..."

Nilicheka, na hilo likawa kosa langu. Mwalimu aligeuka. "Wewe kaka unayecheka, umewahi kupiga video?"

Nilimwambia kwamba niliwahi kumbebea taa mpiga video za harusi. Alinivuta pembeni, akanieleza haraka haraka, huku jicho moja likiangalia chaji. Kishikwambi kile kilikaa kabatini kwa mwalimu mkuu tangu kiletwe, kimeviringishwa kwenye kitenge kama mtoto mchanga. Alikiomba mwaka mzima. Leo kapewa mpaka kengele ya kwenda nyumbani. Wanafunzi wakitengeneza video inayofundisha kitu, darasa litaendelea kukitumia. Wasipoweza, kinarudi kabatini.

"Na mkuu ufunguo wa kabati hamwazimi mtu," alisema. "Hawa watoto mnyauko wanaujua kuliko mimi. Lakini nikiwageuzia kamera tu, wanakuwa maiti."

Sababu niliijua. Huku watu wamezoea kuona kamera kwenye harusi, kwenye kipaimara na kwenye msiba. Ikikugeukia unapewa maiki, unasalimia, unashukuru, unawatakia maharusi maisha mema. Hakuna aliyewahi kugeuziwa kamera ili aeleze kazi inavyofanyika. Nikajiona bingwa. Nikawaambia wanafunzi, "Sikilizeni. Ni marufuku kusalimia."

Wa kwanza aliitazama kamera, akameza mate, akatazama tena. Akakaa hivyo mpaka nikadhani kishikwambi kimegoma. Mwishowe akasema, "Asanteni kwa kunisikiliza," akarudi kwenye mstari. Wa pili alisalimia kwa Kinyambo, lugha ya kwao, kana kwamba marufuku yangu ilihusu Kiswahili peke yake. Wa tatu aliomba radhi kwa kutosalimia, akawaomba radhi walimu, wazazi na viongozi wa dini, mmoja baada ya mwingine, na radhi hizo zikawa ndefu kuliko salamu. Mwalimu alifuta zote. Jua lilishapita utosini, chaji inashuka, na hapakuwa na hata neno moja kuhusu mgomba.

Uvumilivu ukaniisha. "Kwani huo mnyauko wenyewe ni kitu gani?" niliuliza, na sikuwa natania. Singida tunalima uwele na alizeti. Ndizi mimi nazijua zikiwa kwenye sahani.

Wakanionyesha mgomba uliokuwa na majani ya njano yaliyolegea. Panga la shule lilikuwa limeegemezwa hapo hapo. Nikalichukua, nikakata shina nione ndani. Ute wa njano ukatoka. Ajabu! Nikataka kujua mgomba mzima nao ukoje, nikaenda kwa jirani yake, nikainua panga.

"Anko! Unafanya nini wewe!"

Yule msichana mrefu alikuwa ameshaacha mstari. Alinishika mkono kwa nguvu nisizozitegemea.

"Hilo panga limetoka kwa mgonjwa! Umelipitisha motoni?"

"Si nakata tu?"

"Eti anakata tu!" aliwaambia wenzake, wakaangua kicheko. "Huo ute kwenye makali ndio ugonjwa wenyewe. Unautoa kwa huyu unampelekea huyu. Bibi yangu alipoteza shamba hivi hivi. Jirani alikuja kumsaidia, kaja na panga lake."

Nikajitetea kwa kuonyesha lile fundo la zambarau lililoning'inia chini ya mkungu. "Basi nikate hili ua."

"Usiguse! Nyuki wanatoka kwenye ua gonjwa wanakuja kwenye hili. Lazima liondoke mapema, lakini linavunjwa kwa kijiti chenye panda. Hivi." Akachukua kijiti, akakipachika, akazungusha, ua likaanguka.

"Kwa nini kijiti, na panga ninalo?"

"Kijiti ukimaliza unakitupa. Panga utalitupa?"

Nikaliweka panga chini. Nilipogeuka, mwalimu alikuwa amesimama na kishikwambi kimeinuliwa, ameuma midomo, hata kupumua anaogopa. Alikuwa amerekodi yote.

Kengele ilipogongwa mwalimu mkuu alifika, akapokea kishikwambi na kukishika mbali na macho. Aliitazama video mpaka mwisho.

"Salamu ziko wapi?"

"Hazipo, mkuu," alisema mwalimu.

"Na huyu anayekatakata migomba ya shule?"

"Mgeni."

"Mgeni gani asiye na adabu." Lakini akairudia video tangu mwanzo. Ilipofika kwenye swali la panga kupitishwa motoni akaisimamisha, akaligeukia panga lililokuwa miguuni pangu. "Panga hili," alisema polepole, "Jumamosi lilikuwa shambani kwangu."

Yule msichana akasema, "Basi na la nyumbani kwako nalo lipite motoni, mwalimu mkuu." Halafu akashtuka. "Shikamoo."

"Marahaba," alijibu mwalimu mkuu, akamrudishia mwalimu kishikwambi. "Kikae darasa la sita. Kesho mnarekodi nini?"

"Hisabati. Kugawanya sehemu."

Mwalimu mkuu alinitazama. "Huyu anajua kugawanya sehemu?"

Macho ya darasa zima yakanigeukia. Nilisema ukweli: niliacha shule wiki ile ile tuliyoanza somo hilo.

"Anafaa!" alipaza sauti msichana, wengine wakapiga makofi.

Nilijaribu kueleza kwamba kuna gari linanisubiri barabarani. Mtoto mmoja akasema lilishaondoka tangu saa ya uji. Sijawahi kukerwa kiasi kile. Nimetembea mikoa mingi nikijifunza mambo kwa kuchungulia, na leo nimepata kazi kwa sababu ya nisilolijua.

Msichana alinipeleka kwa bibi yake, nyumba ya bati pembeni ya shamba lililobaki visiki. Habari zilikuwa zimeshafika.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Ndiye wewe mwenye panga?"

"Nimeliacha shuleni."

"Vizuri." Alinifungulia chumba chenye kitanda na magunia ya maharage. "Unakaa siku ngapi?"

"Mpaka nijue kugawanya sehemu."

Alinitazama kuanzia kandambili mpaka kichwani, bila haraka.

"Basi ngoja nikutafutie blanketi la pili. Msimu wa baridi utakukuta hapa."