Damu Yangu Ilipopita Kikula

Nilikwenda Likasi kwa sababu ya ngazi. Chuoni kwetu Lubumbashi ofisi yangu iko ghorofa ya tatu, na siku hizo kifua kilinibana nikifika ya pili. Nikasoma mtandaoni kwamba chembe sahani za damu, zile ndogo zinazosaidia kuziba jeraha, zikiwa kubwa kuliko kawaida huweza kuashiria ugonjwa wa moyo. Mimi ni msomi: ukurasa mmoja ulitosha kunizika. Kwa kuwa hospitali za Lubumbashi zimejaa wanafunzi wangu wa zamani, nilimchagua binamu yangu Kabeya, daktari wa zahanati ndogo huko Likasi.

Saa kumi na mbili asubuhi nilipanda basi. Njia nzima niligawa vitabu vyangu kwa warithi, kichwani. Tulipoingia mjini ilibaki kamusi moja tu isiyo na mwenyewe.

Saa nne Kabeya alinipima presha, akaikuta juu kidogo. Mashine ilichora moyo wangu. Mistari ilikuwa mizuri. Nikang'ang'ania chembe. Akanitoa damu, akanipa kichupa nikipeleke maabara, dakika ishirini kwa miguu. "Usisimame mahali," alisema.

Njia inapita mtaa wa Kikula, na hapo Kikula anakaa Shangazi Ntumba, dada ya marehemu baba. Niliingia kumsalimia tu.

"Ikala, ukule kwanza," alisema. "Ao weye ni polisi, unasalimia wima?"

Bukari, ugali wetu, ilikuwa tayari, na samaki wa mto Lufira. Kichupa kilitulia mfukoni mwa shati.

Saa nane maabara. Mama wa koti jeupe alipima, akasoma karatasi: chembe kubwa. Nikaanza kuitafutia ile kamusi mwenyewe.

"Papa, hii damu ilitoka saa ngapi?"

"Saa nne."

"Na ilikuwa wapi?"

"Kwa shangazi. Tulikuwa tunakula."

Alicheka mpaka akavua miwani. "Plaketi, ile chembe yako, ikingojea mu kichupa, inavimba. Hapa tunapima bukari, hatupimi moyo! Lete damu mupya. Na hata ikitoka kubwa tena, ile chiffre, namba yenyewe peke yake, haiseme muntu iko na moyo mugonjwa."

Nikirudi kwa Kabeya nilipita kwa shangazi nikamweleza, safari hii nikiwa wima. Alikaza kitenge. "Kumbe ni miye nilivimbisha damu ya mutoto? Twende!"

Saa tisa na nusu tulitoka zahanati na kichupa kipya, yeye mbele.

"Mama Ntumba, jambo!" aliita fundi cherehani.

"Hapana jambo! Tuko na damu!"

"Damu ya nani?"

"Ya huyu mupumbavu na diplome yake!"

Kikula nzima ilitupisha. Maabara walipima papo hapo, nami nikasoma namba mara tatu kabla ya kuiamini: ukubwa wa kawaida. Kwenye simu Kabeya alisema nipunguze chumvi, nitembee nusu saa kila siku, na mwezi ujao nirudi anipime moyo nikiwa natembea.

Nilichojifunza ni kwamba namba iliyotoka kwenye damu yangu ilikuwa na historia ya siku nzima, na mimi nilisoma mwisho wake tu. Hayo niliyawaza nikitafuta basi. Shangazi alinivuta mkono.

"Unaenda wapi? Tumekatalia bantu salamu."

Tukarudi mlango kwa mlango, tukiomba radhi na kukaa kila mahali. Nusu saa za kutembea alizoniagiza Kabeya nilizimaliza za wiki nzima.