Barua Zilizokaa kwa Concepta

Concepta Moraa aliingia nyumbani kwangu Ukunda mwaka wa themanini na tisa, ana sanduku la bati na rozari shingoni, anatafuta chumba. Alikuwa ametoka Kisii. Nikamwambia chumba kipo, ila hapa kwangu mtu akiamka huamkia, hapiti tu kama mbuzi. Akasema amesikia.

Alianza kwa kutandika vitanda katika hoteli moja ya Diani. Kutoka vitandani wakampeleka kwenye simu, na kutoka kwenye simu wakamkalisha mbele ya kompyuta. Hakusomea. Alitazama vidole vya mwenzake mpaka vyake vikajua.

Agosti ya tisini na saba, watu wa bara walipofukuzwa pwani yetu hii, alikaa chumba changu cha ndani siku tisa. Wanaume walikuja barazani kuniuliza. Nikawajibu, "Humu mna mimi na kuku anayeatamia. Nani anataka kumtazama kuku?" Wakaondoka. Mmoja wao nilimjua, Chome, mchonga vinyago wa ng'ambo ya barabara. Siku hiyo alitazama miguu yake tu.

Wageni wakakatika, hoteli ikafungwa. Meneja akamwachia Concepta kompyuta moja kuukuu, naye akaiweka chumba cha mbele, penye simu, akaandika mlangoni: IMELI HAPA.

Sasa nitaeleza, na mambo haya nimeyaona kwa macho yangu, sikusimuliwa. Ili uingie kwenye hiyo intaneti lazima uwe na programu ya kufungulia. Zilikuwa mbili, za kampuni mbili za Marekani, nazo zilichukiana kama wake wenza. Moja alama yake usukani wa meli, nyingine alama yake herufi moja ya buluu. Ya usukani ndiyo iliyotangulia kufika huku, na ndiyo aliyojifunzia Concepta hotelini. Ya buluu ilikuja nyuma, lakini ilikuja bure, tena imo ndani ya mashine yenyewe, kama mke mdogo anayeolewa na samani zake zote.

Na sisi hapa, tangu zamani, barua zetu huja kwa sanduku la mtu. La skuli, la msikiti, la duka. Unaandika jina lako, na chini yake, kwa mkono wa fulani. Basi watu wakafanya vivyo hivyo. Anwani ikawa moja tu, ya Concepta. Mzungu huko kwao anaandika, "Kwa Chome, kwa mkono wa Concepta," naye Concepta anaitia katika fungu la Chome. Watu sitini na tatu! Wapishi, wasusi, wachonga vinyago, Veronicah wa kwaya, Sanga wa mbuzi kutoka Kikoneni. Barua zote na anwani za wageni waliozituma zilikaa ndani ya ile programu ya usukani, katika mashine ile moja.

Hizo ndizo zilizomrudishia Concepta mahali pake. Anayekushikia barua zako humwiti mbara. Hata Chome alikuja kila siku, akakaa kwenye benchi lake, magoti yamejaa unga wa mpingo.

"Mama Barua, leo je?"

"Leo mgeni wako Helga anasema atakuja Desemba. Anauliza kama bado upo, na kama utampokea."

"Soma tena hapo."

"Kama bado upo."

"Nipo! Mwambie nipo. Hapana, ngoja. Nitafikiri maneno mazuri, tutamwandikia wiki ijayo."

Akacheka, na Concepta akacheka. Mimi nikawatazama wakicheka, nikakumbuka ile siku ya kuku.

Mwaka wa tisini na nane kurasa zikaanza kukataa. Concepta anafungua ukurasa wa mawakala wa safari wa Ujerumani, unakuja umepinda, maneno yamekaliana. Mwingine ukaandika wazi kwamba haufunguki kwa usukani, ufunguliwe kwa ile ya buluu. Kila juma ulizidi mmoja.

"Wanapigana wao huko," akaniambia, "sisi ndio nyasi."

"Usinipe mithali. Niambie utafanya nini."

Akarudi kwenye mashine kujaribu ukurasa mwingine.

Oktoba, siku ya Ijumaa, gari likasimama nje. Akashuka kijana wa Nairobi aliyekuwa wakala wa kampuni ya buluu huko Mombasa, jina lake Griffin, viatu vimechongoka mbele.

"Niaje, mathe. Concepta yuko?"

"Mathe ni nani?" nikamuuliza. "Hapa hakuna aliyekuzaa."

"Pole, mamangu. Shikamoo."

"Marahaba. Sasa piga hodi, kisha uulize."

Alikuwa na kompyuta mpya ndani ya boksi. Akaiweka mezani kama mtu anayeweka posa. Ni zawadi, akasema, ila kampuni yao ina sharti. Duka likipewa mashine, ule usukani usionekane tena, si kwenye mpya wala kwenye kuukuu.

"Huu nimeuzoea," Concepta akamwambia. "Ya nini niutoe?"

"Madam, huo ushakufa, bado kuzikwa tu. Wenye buluu wanaumaliza. Unataka kubaki upande wa maiti?"

Upande wa maiti! Alitamka hivyo hivyo, siku ya Ijumaa, mbele ya wanawake wawili wacha Mungu. Nikamvuta Concepta uani.

"Kataa."

"Bi Mejumaa, kurasa za wageni hazifunguki. Nikikataa nitabaki na mlango unaofungukia ukutani."

"Na huyu akishamzika mwenziwe, kesho atakutaka nini?"

Kisha akarudi ndani, akamuuliza Griffin, "Na barua zangu je?"

"Barua haziendi popote."

Simsingizii, hakudanganya. Huko kwao kila mtu ana sanduku lake peke yake, limehifadhiwa mbali kwenye mashine za wakubwa, analifungua kwa mashine yoyote. Hakuwahi kuona watu sitini na tatu wakilala ndani ya moja. Na Concepta naye aliamini kwamba ukibadilisha mlango, vyombo vya ndani haviungui. Kila mmoja alisema lile alilolijua.

Griffin akakaa mbele ya ile kuukuu. Mashine ikamuuliza jambo kwa maandishi, akagonga. Ikauliza tena, akagonga tena, hata hakusoma, huku anazungumza habari za mpira. Kwa muda wa kukuna nazi moja, usukani ukawa haupo. Akabandika herufi ya buluu mlangoni, akaaga vizuri, akaenda zake.

Concepta akaketi kutafuta fungu la Chome. Akatafuta la Veronicah. La Sanga. Hakuna hata moja. Nilimwona mgongo wake ukikauka.

Jumatatu akavuka Likoni kwenda kwa Cliff, fundi aliyemwekea usukani tangu mwanzo, mtu aliyekuwa akiusifu kama mama yake mzazi. Aliporudi alikaa jikoni kwangu, hakuvua hata viatu.

"Mlangoni kwa Cliff pia ipo," akasema. "Ya buluu."

"Na barua?"

"Amesema hazirudi. Amesema hata wenye usukani wenyewe wanasikika wanauzwa."

Nikamshauri aseme mashine imeharibika, asubiri watu wasahau. Akakataa. Asubuhi yake akawaambia mmoja mmoja, kwa majina yao, bila kuficha. Veronicah alilia. Sanga akauliza kama barua zikifa huzikwa, akajicheka mwenyewe, akaenda. Chome ndiye aliyekaa.

"Helga wangu yuko wapi?"

"Zimefutika, Chome. Na anwani yake."

"Ulichukua mashine mpya."

"Nilichukua."

"Ukatoa zetu."

"Sikujua zitatoka."

Chome akainuka, akajipangusa magoti polepole. "Mbara ni mbara," akasema.

Tangu siku hiyo hapakuwa na kelele, na hilo ndilo lililonitisha. Concepta akimsalimu mwenye duka, huyo anapanga sabuni. Akiteka maji bombani, wenzake wanaacha kuzungumza mpaka ndoo ijae. Asubuhi moja tulikuta ile herufi ya buluu mlangoni imekwanguliwa kwa patasi, na ubao wa chini yake umechimbwa kina cha kidole. Nikamwambia alale chumba cha ndani.

"Hapana," akanijibu. "Nikiingia humo safari hii, nitakuwa nimekiri kosa ambalo si langu."

Jeuri hiyo, wallahi, sijui aliipata wapi.

Akachukua karatasi ya manila, akaandika majina yote sitini na tatu kama alivyoyakumbuka, akaanza kupita nyumba kwa nyumba. Nani ana bahasha ya zamani? Nani anakumbuka herufi hata mbili za anwani ya mgeni wake? Mpaka Desemba inaingia alikuwa amejaza majina kumi na moja. La Chome alilibakisha mwisho.

Jana alivuka barabara. Nilikuwa barazani nachambua mchicha, nikasikia kila neno.

"Chome, nitajie anwani ya Helga. Unayokumbuka tu, hata nusu."

Patasi haikusimama. "Mimi sikuijua kamwe. Wewe ndiye uliyeijua."

"Basi jina lake la ukoo. Mji wake."

"Wewe ndiye uliyekuwa ukisoma."

Concepta hakuondoka. Alisimama pale pale juani, kalamu mkononi, karatasi kaikunjua mbele yake. Mwanamume mmoja akaja akakaa karibu na Chome. Akaja wa pili, kisha wa tatu, wala hakuna aliyemsalimu mwenziwe. Nikawajua wote, ndio wale wa siku ya kuku. Chome akageuza patasi, akaanza kuinoa kwenye jiwe.

Nikaweka mchicha chini, nikajifunga leso yangu, nikavuka barabara.