Fides na punje za upande wa kushoto

Saa moja na nusu asubuhi, baridi ya Agosti bado haijaondoka Ruanda, wilayani Mbozi, na Fides Nzowa ameshakaa mezani. Mbele yake kuna ungo wa kahawa. Vidole vyake vinatembea: punje nyeusi zinatoka, zilizotobolewa na wadudu zinafuata, nzima zinabaki.

Msimamizi wake, Osward Halinga, amesimama nyuma yake. Fides anajua anachokitazama: upande wa kushoto wa ungo.

Leo anajaribiwa kwa mara ya kwanza tangu apasuliwe kichwa miezi minne iliyopita. Akiacha punje mbovu upande ule kama alivyokuwa akiacha mwaka jana, hatapewa meza msimu huu.

"Sitamwonea, lakini sitampendelea," anasema Osward. "Mnunuzi akirudisha gunia, wanaokosa ujira ni akina mama wote kumi na wanane."

Mwaka jana ndipo mambo yalipoanza. Mwanamke aliyechambua kahawa kwa miaka kumi na moja, ungo wake ukawa safi kulia na mchafu kushoto, kana kwamba umechambuliwa na watu wawili wasioelewana. Wenzake walimtania. Osward alimwita mvivu, neno ambalo leo linamuuma yeye mwenyewe. Fides alinunua miwani ya Sh8,000 mnadani, akaendelea kusema yuko sawa.

"Hata nilipokuwa najigonga mlangoni nilisema ni haraka zangu," anakumbuka. "Mume wangu, Yesaya, ndiye aliyekataa. Siku nilipoanguka jikoni nikaanza kutetemeka, alinibeba, hakuniuliza tena."

Kipimo kilionyesha uvimbe kwenye ubongo, upande wa kulia, kuelekea kisogoni. Safari ikaishia kwenye hospitali kubwa jijini Dar es Salaam, mbele ya daktari bingwa, Dk Ferdinand, aliyemwonyesha kwenye kompyuta nyuzi za rangi zinazopita chini ya uvimbe huo.

"Uvimbe haukunitisha sana," anaeleza daktari huyo kwa simu. "Kilichonitisha ni nyuzi zile. Ndizo zinazobeba anachokiona kushoto, hasa chini, hadi nyuma ya ubongo. Ukizikata, jicho linabaki zima lakini habari haifiki. Kompyuta inakisia zinakopita. Uhakika anautoa mgonjwa mwenyewe, akiwa macho."

Ndivyo ilivyokuwa. Ngozi ilitiwa ganzi, fuvu likafunguliwa, Fides akaamshwa. Alitakiwa kukazia macho alama nyekundu katikati ya skrini, huku picha moja ikitokea juu kulia na nyingine chini kushoto. Daktari anagusa ndani ya ubongo kwa umeme mdogo, mgonjwa anataja anachokiona. Picha inapopotea, hapo hapakatwi.

Tatizo ni kwamba sisi tumelelewa kujibu "nzuri". Mtu ana homa inayomtikisa, nzuri. Amefiwa juzi, nzuri tu. Ni adabu, na Fides ana adabu kuliko wengi wetu.

"Kikombe," alisema kwa picha ya juu. Akaulizwa ya chini.

"Naona tu, daktari. Vizuri."

Hakuwa ameona. Aliogopa kwamba akisema haoni, watamfunga kichwa na kumrudisha kwao na uvimbe wake.

Aliyekuwa akionyesha picha ni muuguzi Tupokigwe, mzaliwa wa Ileje, wilaya jirani na Mbozi. Alimwomba daktari asubiri, akainama karibu na uso wa mgonjwa.

"Dada Fides, ya chini ilikuwa picha ya nini?"

Fides aliendelea kukazia macho alama nyekundu.

"Dada, hapa hatusalimiani. Ukisema nzuri, daktari anakata."

Fides anasema aliogopa kuliko siku aliyoanguka jikoni. Kisha akasema ukweli: "Ya chini imezimika. Naona kama moshi."

Daktari aliweka alama pale, akarudi nyuma. Aligusa tena pembeni, na tena, na kila mara Fides alitaja: jembe, kuku, moshi, kiatu. Kipande kidogo cha uvimbe kiliachwa juu ya nyuzi zile kwa makusudi. Kinaweza kukua, na kila baada ya miezi sita lazima kipimwe.

Mezani, Osward anasogea. "Umemaliza?"

Zamani Fides angeitikia mara moja. Sasa anautazama ungo. "Bado. Hapa kushoto sina uhakika, nisubiri."

Anauzungusha ungo, punje zilizokuwa kushoto zinakuja kulia, na vidole vinapita tena. Anatoa punje mbili nyeusi. Osward anachota viganja vitatu kutoka kila upande, anazikagua punje moja moja dirishani. Inachukua muda mrefu.

"Meza ni yako," anasema hatimaye.

Fides anafuta machozi kwa ncha ya kitenge. Mwandishi anapomuuliza, kwa mazoea tu, habari za tangu jana, anafikiri kwanza.

"Macho mazuri. Lakini kichwa kinauma upande ule tangu juzi. Nimemwambia Yesaya, nimempigia na Tupokigwe. Wamesema nisingoje kipimo cha Oktoba, Jumatatu tunasafiri."

Anavuta ungo mwingine.

"Wakinigusa tena, nitasema kila ninachokiona na nisichokiona. Mnitunzie meza hii, nitarudi."