Joto Lisilokuwamo Kwenye Hesabu

Shangazi yangu ni mchumi wa halmashauri, na akishakaza shingo hata winchi haimng'oi. Mwaka mzima alijenga modeli kwenye kompyuta yake: bekari zote arobaini za mji zikiacha kuni na kununua matanuri ya umeme, nini kitatokea? Modeli ikajibu kwamba kila bekari itarudisha gharama zake ndani ya miaka mitatu. Mkurugenzi wake akafurahi. Alhamisi madiwani wangepiga kura, na kuni zingepigwa marufuku.

Baba, kaka yake, anaoka kwa kuni. Mimi bintiye ndiye ninayemkandia unga. Aliposikia habari hizo alinuna, wiki tatu hapokei simu ya dada yake.

Jumanne asubuhi shangazi akatuzukia na daftari.

"Kaka, wewe nuna tu. Mimi nimekuja kutazama."

Akakalia gunia la unga, akapima kila kitu hadi mkate wa mwisho. Baba alipovuta makaa nje, moshi ulimkohoza mpaka akashika ukuta. Shangazi akafunga daftari, akasimama.

"Unakwenda wapi?" Baba akauliza. "Kazi ndiyo kwanza nusu."

Akasukuma ndani sinia za vipande vya mikate ya jana. Tanuri la matofali hukaa na joto hadi jioni bila ukuni hata mmoja, na joto hilo la bure ndilo hukausha tosti tunazouza madukani. Tosti hizo ndizo zinazotulipa mishahara, mimi na kina mama wawili wa kufungasha.

"Mnafanya hivi wenye bekari wote?" shangazi akauliza.

"Wote. Hukuuliza."

Ndani ya modeli yake, moto ukizimwa kazi imekwisha. Shangazi alishika kichwa. Nilimwonea huruma, ingawa kicheko kilinitoka: msomi mzima kuangushwa na tosti!

Akairudia hesabu yote. Bekari ndogo kama yetu zingefungwa ndani ya mwaka, isipokuwa kama halmashauri ingechangia nusu ya bei ya tanuri. Mkurugenzi akamwambia ripoti imeshachapwa, na kama bado anakitaka cheo alichoahidiwa, anyamaze. Shangazi akapiga moyo konde. Alhamisi alisimama mbele ya madiwani.

"Nilikosea," akasema. "Naomba miezi mitatu niandike ripoti upya, halmashauri ichangie nusu ya bei ya matanuri."

Wakampa. Cheo akapewa mwingine.

Baba alikuwa akimsubiri kwenye mlango wa ukumbi, kavaa shati lake la heshima.

"Ahsante, mdogo wangu. Umeniokolea bekari."

"Usinishukuru mapema. Kikohozi chako nacho hakimo kwenye hesabu. Nikikiingiza, kuni lazima zitoke, na safari hii hutakuwa na la kubisha."

Baba alitembea naye hadi kona ya barabara, mikono nyuma.

"Hiyo nusu yangu ya tanuri," akauliza, "inalipwa kidogo kidogo?"