Kikapu cha Dada

Dada yangu alipofariki, watu wa Guta, alikoolewa, waliambiwa kwamba kifua kilimbana. Haukuwa uongo sana. Saratani ilianzia kwenye titi la kushoto, akaificha chini ya khanga mpaka harufu ikamsaliti, na tulipomfikisha Dar es Salaam daktari alitutazama kwa huruma tu. Aliacha binti ambaye alikuwa bado ananyonya.

Ilikuwa miaka ile hospitali zilipoanza kututaka tuchangie matibabu, na minofu ya sangara wetu ikipanda ndege kwenda Ulaya huku sisi Musoma tukigombania mapanki, yale mabaki ya vichwa na mifupa. Nilimuuliza daktari kwa nini ugonjwa huu umemchukua mtu mbichi namna ile. "Hatujui, mwalimu," akasema. "Tungependa kutafiti, lakini hata vifaa vya maabara tunaomba-omba." Nilikasirika. Dada yangu afe, halafu hata sababu isitafutwe kwa kukosa hela!

Nikaamua kwamba siku ya kuanua tanga tutachanga kwa jina lake, na mchango uende kwa watafiti. Nilimweleza kwanza shangazi, dada wa baba, aliyetulea baada ya mama yetu kufariki. Alikuwa anapepeta ulezi, wala hakuinua uso.

"Utawaambia wanachangia nini?"

"Ugonjwa wa titi."

"Mbele ya wakwe?"

Kwetu mkwe huheshimiwa hadi kuogopwa. Shangazi hakuwahi kula mbele yao, na akikutana nao njiani aliwapisha mpaka kwenye majani. Kutaja titi mbele ya baba mkwe wa dada kulikuwa sawa na kumvua nguo marehemu.

"Mficha maradhi, kilio humuumbua," nikamwambia.

"Kilio tumeshalia. Sisi mambo hayo hatusemagi. Muache mtoto wangu alale na nguo zake."

Sikumsikiliza. Mwalimu huzoea kusema mpaka wa dawati la nyuma asikie. Siku ile, watu walipokuwa wakimalizia kula, niliweka katikati ya uwanja wa wakwe kule Guta kikapu alichokisuka dada mwenyewe, kile alichokuwa akienda nacho sokoni Manyamanyama, nikautaja ugonjwa kwa jina lake. Baba mkwe akainuka, akachukua fimbo yake, akaondoka. Wanaume wakamfuata mmoja mmoja, wengine na nyama mkononi. Shangazi alijifunika uso.

Wakabaki wanawake. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Kisha mama mmoja muuza dagaa akafungua pindo la khanga yake, akatia hela kikapuni. Wengine wakafuata. Waliokosa hela walitia dagaa, ulezi, hata mayai, na mimi nikacheka huku nalia, maana watafiti wa Dar wangeyafanyia nini mayai ya Guta? Dada angecheka zaidi.

Jioni, watu walipokwisha kutawanyika, nilikuwa nafunga kikapu na mtoto wa marehemu amelala mgongoni kwangu. Shangazi akaja, akaketi karibu yangu. Nikajiandaa kutukanwa.

"Mwanangu," akasema taratibu, "hao watu wakipata hela, dawa inachukuaga muda gani kupatikana?"

"Miaka, shangazi. Pengine miaka mingi."

Ndipo nilipoona kwamba mkono wake ulikuwa chini ya khanga, umelishika titi lake, kama mtu anayembembeleza mtoto asilie.

Akautoa ule mkono, akafungua pindo, akatia hela zake zote kikapuni. Kisha akamgusa mtoto mgongoni kwangu.

"Basi," akasema, "dawa yangu mimi iwe ya huyu."