Viti vya Rangi ya Damu ya Mzee

Gari la harusi yangu lilikuwa la mjomba. Alilinunua kwa mlowezi mmoja aliyefunga virago baada ya Uhuru, akaliendesha kwa fahari miaka michache. Ujamaa ulipokolea, akaogopa kuitwa bwanyenye, akalificha bandani nyuma ya nyumba yake, hapo Lushoto mjini, na kulifunika majani makavu ya migomba.

Siku tatu kabla ya harusi nilikwenda kulitazama pamoja na wifi yangu, dada wa mchumba wangu. Mjomba alifungua mlango, sote tukarudi nyuma. Ukungu wa milimani ulikuwa umefanya kazi yake: viti vya ngozi vimeota kuvu jeupe kama vimenyunyiziwa unga, na panya walikuwa wamezaliana chini ya usukani.

"Nitakwenda kanisani kwa miguu," nikasema, machozi yakinilengalenga.

"Hata kidogo," akasema wifi. "Ngozi ya kiti na ngozi ya kiatu si ngozi moja? Twende kwa fundi viatu."

Fundi viatu wa sokoni alikuwa mzee asiyependa maneno mengi. Tulimwamkia shikamoo, tukamweleza shida yetu. Akatupatia kopo la nta ya nyuki iliyoyeyushwa na mafuta ya nyonyo.

"Msiimwagie maji kama mnaosha sufuria," alisema. "Kitambaa kibichi, sabuni kidogo, kausheni kivulini. Halafu pakeni hii kidogo sana, mfute. Kidogo, mmenisikia?"

Tulimsikia. Siku mbili tulifuta kuvu, tukachokonoa mishono kwa mswaki wa zamani, tukiimba na kucheka mpaka majirani wakaja kuchungulia. Ijumaa tukapaka nta. Lo! Pale kitambaa kilipopita, kiti kiligeuka rangi ya damu ya mzee, kikang'aa kama kimezaliwa upya. Wifi akapiga kigelegele. Tukapaka tena. Kikazidi kung'aa! Tukapaka mara ya tatu, kopo likaisha, na wala hatukukumbuka kufuta.

Jumamosi nikaingia na gauni langu la satini, shangazi yangu pembeni. Shangazi huyu hakuwa mtu wa mchezo. Watoto wa ukoo mzima walinyamaza akikohoa. Kona ya kwanza ya kuteremkia Soni, nikateleza kiti kizima na kumkalia mapajani.

"Kaa vizuri, wewe ni bibi harusi!"

Kona ya pili ikaenda upande wa pili, naye akaja kwangu mzimamzima, kilemba kikamziba macho.

"Kuna nini huko nyuma?" mjomba akauliza.

Shangazi akafungua kinywa kunigombeza, na kikatoka kicheko. Sikuwa nimewahi kukisikia kabla ya siku ile. Alicheka mpaka akashika mbavu, nami nikacheka, na kila kona tulipishana kama magunia ya viazi juu ya lori.

Tulipofika kanisani Vuga, mjomba alisimamisha gari kwenye mteremko, mzee wa kanisa akanifungulia mlango kwa heshima zote. Nikachomoka kama sabuni mkononi, nikamwangukia kifuani. Kwaya ilikatika katikati ya wimbo. Bwana harusi, aliyekuwa amekauka kwa woga mlangoni, akaangua kicheko, na woga wangu mimi pia ukayeyuka palepale. Niliingia kanisani shangazi akinifuata unyounyo, akificha kwa kanga doa la mafuta nyuma ya gauni.

Wakati wa kurudi, mume wangu alikaa pale alipokaa shangazi. Kona ya kwanza ikanileta kwake. Ya pili ikamleta kwangu.

"Mjomba," akasema kwa adabu, "tafadhali usiende polepole."

Mjomba akatutazama kwenye kioo, akakanyaga mafuta.