Vestina Hataki Kusamehewa

"Yaani mninyofoe uvimbe, mkaufuge kwenye chupa huko Ujerumani kama vifaranga? Hapana!"

"Hatufugi uvimbe, mama. Tunazikuza seli za kinga zilizomo ndani yake," alijibu Agnetha, bintiye aliye muuguzi hukohuko.

"Zimo humo na zimeshindwa! Askari walioshindwa mwawaongeza wa nini?"

"Ni wachache, lakini kansa hii wanaijua sura. Wakifika mabilioni watarudishwa mwilini mwako. Ni wako, hawamfai mwingine."

Vestina ni mjane wa kijijini Kamachumu, na hata wanunuzi wa kahawa huuogopa mdomo wake. Ugonjwa ulianza kama doa jeusi kwenye unyayo. Mtu aliyelima pekupeku tangu utotoni angewaza nini zaidi ya funza? Masika nzima alilichokonoa kwa pini, akimngoja mdudu atoke. Hakutoka. Ilikuwa kansa ya ngozi, na sasa imepanda hadi kinenani na mapafuni, dawa zote zimegonga mwamba.

Kisu hakikumtisha. Kilichomtisha ni kwamba kabla ya kurudishiwa askari hao, kinga iliyobaki ingefyekwa kwa dawa kali ili wapate nafasi. Siku hizo hata mafua yangemwondoa.

"Na nikifa katikati?"

Agnetha alitazama sakafu. "Wapo waliokufa, mama."

Vestina alikiona akilini kibanja, shamba lao la migomba, alimolala marehemu mumewe Kaijage, na yeye kafukiwa kwenye barafu, ugenini.

Jioni akaingia jirani yake, Benigna, uso umeshuka.

"Waitu, ndugu yangu Vestina, ule mkungu wa ndizi niliokukopesha siku ya kipaimara, nimekusamehe."

Kwao deni husamehewa msibani, jeneza likiwa mbele, msemaji wa ukoo akiuliza nani anamdai marehemu.

"Benigna, umenikuta kwenye jeneza?"

"Jamani, sikuwa na maana..."

"Nyamaza! Agnetha, funga begi. Tunaondoka kesho."

Akachukua panga, akachechemea hadi migombani. Pigo la kwanza likapita hewani. Agnetha akataka kumpokea panga, akafukuzwa. Pigo la tatu mgomba ukainama. Akauburuta mkungu hadi miguuni pa Benigna, anahema.

"Mbona mkubwa kuliko wangu?" Benigna alinong'ona, machozi yanamtoka.

"Beba."

Benigna akasokota majani makavu ya mgomba yawe kata ya kichwani, akajitwika mkungu, akaenda.